Kuchagua Mtindo Mpya wa Kufuma

Nchi ya Ufipa ina baridi. Mji wa Sumbawanga uko juu ya bahari kadiri ya mita 1,800, na katika miezi ya Juni na Julai upepo wa asubuhi hupenya hata mifupani. Basi huko sweta ya sufu si pambo tu, bali ni kinga ya mwili.

Kazi ya kufuma si ngeni kwa Wafipa. Zamani, kabla ya nguo za viwandani kuenea, walisokota pamba yao na kufuma nguo nzito kwa kitanda cha mfumi. Kufuma sufu kwa sindano mbili ni ufundi uliokuja baadaye.

Mfumaji apatapo mtindo mpya kitabuni, huvutwa kwanza na picha. Lakini aliyevaa sweta ile pichani siye atakayeivaa nyumbani. Wazee husema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na mtindo usiopimwa ni kama nguo ya kuazima. Kwa hiyo mfumaji mwenye busara huchungua mambo matatu.

La kwanza ni kazi ya nguo. Mtindo wenye matundu mengi hupendeza, lakini hupitisha upepo. Sweta ya mtoto aendaye shule alfajiri yataka mfumo ulioshikamana, na mapindo ya mikono yenye kuvutika na kurudi.

La pili ni uzi. Uzi mwembamba kuliko ule ulioagizwa hutoa nguo ndogo. Tena yafaa kununua mabonge yote pamoja, maana rangi ya jina moja huweza kutofautiana kidogo kila uzi utiwapo rangi.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni kipimo cha mkono wa mfumaji. Huyu hukaza uzi, yule huulegeza. Kwa sababu hiyo hufumwa kwanza kipande cha kujaribia, chenye inchi 6 kila upande. Kipande hicho huoshwa na kukaushwa, kisha huhesabiwa vitanzi vilivyomo katika inchi 4 za katikati.

Tuseme kifua cha msichana ni inchi 28, na sweta yatakiwa kuwa na inchi 30 ili apumue vizuri. Kitabu chaagiza vitanzi 20 katika inchi 4, yaani 5 kwa kila inchi. Basi sweta nzima ina vitanzi 150. Lakini mfumaji akaza uzi, apata vitanzi 24 katika inchi 4, yaani 6 kwa kila inchi. Gawanya 150 kwa 6: sweta itakuwa na inchi 25. Haitamwingia. Fedha ya uzi imekwisha, kazi ya majuma mengi imepotea, na mtoto angali akitetemeka. Kama angalijaribu kwanza, angalitwaa sindano nene zaidi, akafuma kipande kingine, hata apate vitanzi 20 kamili.

Kipande kidogo cha jioni moja huokoa sweta nzima.

MASWALI
1. Kwa nini picha peke yake haitoshi kuchagua mtindo?
2. Mfumaji mwingine apata vitanzi 16 katika inchi 4. Vitanzi 150 vitampa sweta ya inchi ngapi?
3. Mfumaji huyo atwae sindano nene au nyembamba? Eleza sababu.