Jua Haki Zako: Pasipoti ya Mkazi wa Kibaha na Kisarawe Huanzia kwenye Cheti cha Kuzaliwa

Ibara ya 17 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote nchini, kutoka nje ya nchi na kurudi. Haki ya kutoka haitumiki bila hati ya kusafiria, kwa hiyo mkazi wa Kisarawe anayepeleka maombi yake Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa wa Pwani, Kibaha, haendi kuomba hisani ya afisa yeyote. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi huingia ofisi za serikali wakiwa wamenywea, wakiamini kwamba kupata au kukosa ni suala la kujuana. Lakini haki hiyo ni ya raia, na Idara ya Uhamiaji, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Pasipoti na Hati za Safari ya mwaka 2002, haina budi kujiridhisha kwamba aliye mbele yake ni raia kweli. Hapo ndipo penye kazi. Ninavyoona mimi, sehemu ngumu ya pasipoti haiko kwenye dirisha la Uhamiaji. Iko kwenye karatasi zinazotangulia, ambazo hutolewa na ofisi nyingine, na raia anayeanza na karatasi hizo mapema ndiye anayeifaidi haki yake bila kuinunua kwa mtu.

Utaratibu wenyewe unaeleweka. Tangu pasipoti ya kielektroniki izinduliwe Januari 2018, fomu hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji. Ada iliyotangazwa ni shilingi 150,000: shilingi 20,000 za fomu na shilingi 130,000 za kitabu chenyewe, zote zikilipwa kwa kontrol namba. Kisha mwombaji huchapisha fomu, huambatanisha nakala za vielelezo, na hufika mwenyewe ofisini na nakala halisi ili achukuliwe picha na alama za vidole. Vielelezo vikuu ni cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au hati ya kiapo pale cheti kisipokuwepo, kitambulisho cha taifa, na uthibitisho wa shughuli anayoiendea. Mtoto wa chini ya miaka 18 huongezewa ridhaa ya mzazi au mlezi. Anayebadilisha kitabu kilichokwisha muda huja na kile cha zamani, na anayedai kuwa kimepotea huja na taarifa ya polisi ya upotevu.

Tatizo linaanzia kwenye cheti. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wamesajiliwa kuzaliwa kwao, na waliokuwa na cheti hawakuzidi sana nusu ya hao. Watoto wale leo ni vijana wanaotafuta vyuo, kazi na biashara nje ya mipaka. Ukirudi kwa wazazi wao hali ni ngumu zaidi, na kwa babu zao waliozaliwa Maneromango au Mzenga enzi za ukoloni usitafute cheti kabisa, kwa kuwa wakati huo usajili wa vizazi haukuwa wa lazima kwa Waafrika. Dola iliyoshindwa kuwaandika watu wake kwa miongo mingi sasa inawataka waonyeshe maandishi. Sisemi sharti hilo lifutwe. Nasema mzigo wa pengo hilo usimwangukie raia peke yake, na sheria zetu zinakubali hivyo, kwani zimeacha njia mbili wazi. Ya kwanza ni usajili wa kuchelewa, unaofanywa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, iwe Kisarawe au Kibaha, kwa vielelezo vya kawaida vya maisha: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Ya pili ni hati ya kiapo, ambayo mzazi au ndugu anayejua kuzaliwa kwako huapa mbele ya wakili au hakimu. Kiapo si karatasi ya kujazia pengo kwa maneno yoyote. Anayeapa uongo anatenda kosa la jinai, na anayeutumia uongo huo kuombea pasipoti anajiongezea kosa jingine.

Karatasi zikipatikana, kazi inayofuata ni kuzifanya zisemezane. Namba ya utambulisho wa taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kama cheti kinasema ulizaliwa 1989 na namba yako inaanza na 1991, afisa wa Uhamiaji anaona watu wawili. Vivyo hivyo kwa Mwanahamisi wa shuleni aliyeandikwa Hamisa kwenye kitambulisho, jambo la kawaida mno katika vijiji vyetu. Sahihisha kwanza NIDA, inayotoa kitambulisho cha taifa, au RITA, kulingana na karatasi yenye kosa, ndipo ujaze fomu. Mpangilio huo una maana kubwa zaidi kwa mtu wa Kisarawe kuliko wa Maili Moja, Kibaha, kwa sababu usafiri wa kwenda makao makuu ya mkoa wake humlazimu mara nyingi kuzunguka kupitia Dar es Salaam. Kila karatasi iliyokosewa ni nauli nyingine na siku nyingine ya shamba iliyopotea.

Wapo watakaosema kwamba kizuizi halisi ni fedha. Ni kweli kwamba shilingi 150,000 si kidogo kwa mkulima wa muhogo au korosho, na ningependa kuona Bunge likilijadili hilo kwa uzito. Lakini kitabu cha kawaida hudumu miaka kumi, sawa na shilingi 15,000 kwa mwaka, na ada hiyo inajulikana kabla. Gharama isiyojulikana ni ya kishoka anayeahidi "kusukuma faili". Mtu wa steshenari anayekujazia fomu mtandaoni anauza kazi halali na anastahili ujira mliopatana. Anayetaka fedha za afisa, au fedha za serikali zisizo na kontrol namba wala risiti, anakuuzia haki uliyo nayo tayari. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa mtoaji na mpokeaji, na TAKUKURU, taasisi inayosimamia sheria hiyo, hupigiwa bure kwa namba 113. Kishoka hushamiri pale tu raia asipojua ni karatasi gani inayomkwamisha.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Uhamiaji isipokaza, watasema, pasipoti ya Tanzania itaangukia mikononi mwa wasio raia, na sote tutasumbuliwa kwenye viwanja vya ndege vya watu. Nalikubali bila kinyongo. Nakubali pia kwamba swali la sababu ya safari lina faida yake, hasa kwa wasichana wanaoahidiwa kazi za ndani Oman na kwingineko Ghuba na wakaangukia mikononi mwa wanaowanyonya; Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 ilitungwa kwa ajili ya maovu ya namna hiyo. Ila kuuliza kwa ukali ni jambo moja, na kumkatalia raia bila sababu ni jingine. Katiba ikishasema raia ana haki ya kutoka, uthibitisho wa safari unapaswa kusomwa kama maelezo ya nia, yanayotimizwa na barua ya chuo, mwaliko wa ndugu, leseni ya biashara au mkataba wa kazi. Ukigeuzwa kuwa kibali cha afisa kuamua nani ana sababu nzuri ya kusafiri, unavuka mpaka wa Ibara ya 17.

Kwa hiyo ukikataliwa, usiondoke na neno la mdomo. Ibara ya 13(6)(a) inakupa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zako zinapoamuliwa na chombo chochote. Andika barua, taja namba ya ombi lako, omba sababu kwa maandishi, na baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mara nyingi barua hiyo peke yake hufichua kwamba kilichokosekana ni kielelezo kimoja. Ikithibitika kwamba uamuzi wenyewe ni batili, unaweza kuomba Mahakama Kuu kibali cha kufungua shauri la mapitio, na muda wa kufanya hivyo ni miezi sita tu tangu uamuzi utolewe. Asiyemudu wakili anaweza kwenda kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mwenye pasipoti iliyotolewa 2018 aifungue aangalie tarehe, kwa kuwa kitabu cha miaka kumi kilichotolewa mwaka huo kitaisha 2028, na nchi nyingi hukataa kitabu kilichobakiza chini ya miezi sita. Na mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano, awe Visiga, Mlandizi au Marumbo, ampeleke kituo cha afya au ofisi ya kata akasajiliwe sasa, maana katika umri huo cheti cha kwanza hakilipiwi.