Dondoo muhimu: Kuandaa nyumba kwa ukaguzi kabla ya kupokea mtoto

Anayetaka kulea au kuasili mtoto hutembelewa nyumbani na afisa ustawi wa jamii. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu. Kwa familia za Mabira, wilayani Kyerwa, iliyo karibu iko Bukoba.

Afisa hatafuti utajiri. Nyumba ya udongo iliyo safi na isiyovuja si ya kuionea aibu. Mtoto aandaliwe mahali pake pa kulala, penye godoro na chandarua, maana malaria bado ni tishio Kagera.

Hatari kubwa za kijijini ndizo zinazosahaulika mara nyingi. Dawa za kunyunyizia kahawa zifungiwe juu, mbali na chakula, na kamwe zisiwekwe kwenye chupa za soda. Mapanga na majembe yasiachwe uani. Kisima na shimo la choo vifunikwe vizuri, na mafiga yawe mahali ambapo mtoto mdogo hafiki peke yake.

Vitambulisho, cheti cha ndoa na barua ya serikali ya kijiji viwekwe pamoja.

Watoto waliomo ndani waelezwe mapema, kwa ukweli, kwamba anakuja mwenzao. Afisa huweza kuzungumza nao, hata na majirani. Wasifundishwe majibu: hofu ya mtoto inayosemwa sasa inaweza kushughulikiwa kabla mwenzao hajafika.