Shali ya Assunta: Uigizaji wa Francesca Bertini katika Filamu Bubu

Tamthilia hutegemea kauli. Je, mhusika akinyang'anywa sauti, hubakiwa na nini? Filamu ya Kiitalia *Assunta Spina* (1915), iliyotokana na tamthilia ya Salvatore Di Giacomo ya mwaka 1909, inalikabili swali hili. Francesca Bertini anaigiza Assunta, dobi wa Napoli anayechanjwa uso na mchumba wake, Michele, kwa wivu. Mahakamani Assunta anadanganya ili kumwokoa. Kisha anajitoa kwa karani wa mahakama ili mfungwa huyo asihamishiwe gereza la mbali. Hatimaye Michele anamuua karani, naye Assunta anajitwika kosa.

Maandishi ya kwenye skrini ni machache. Mzigo wa dhamira unabebwa na mabega, mikono na hasa shali, ambayo Bertini huiacha ilegee au hujifunika gubigubi kadiri hali inavyombana.

Gustavo Serena, aliyeigiza Michele, ndiye aliyetajwa kuwa mwelekezi. Baadaye Bertini alidai kwamba mwelekezi halisi alikuwa yeye. Dai hilo halifai kupuuzwa: Serena mwenyewe alikumbuka jinsi Bertini alivyotoa amri, akawapanga waigizaji wa ziada na kubadilisha hata mkao wa kamera.