Dondoo muhimu: Unataka uuguzi, uko Singida

Anza na cheti cha kidato cha nne. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, ya miaka mitatu, inadai ufaulu wa masomo manne kuanzia D, yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kiingereza na Hisabati hukuongezea nafasi. Ukikosa Kemia, usimlipe mtu anayejidai ana njia. Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, urudie somo.

Pakua mwongozo wa udahili wa Baraza la Elimu ya Ufundi (NACTVET) wa mwaka husika. Humo kuna vyuo vinavyotambuliwa, sifa na ada. Angalia kwanza vya karibu, kikiwemo kile cha Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, Itigi. Maombi hufanyika mtandaoni. Ukienda steshenari kujaziwa fomu, simama hapo hapo, tumia namba yako ya simu na uondoke na nywila yako. Namba ya mwenye duka itakusumbua siku majibu yakitoka.

Majina yalingane herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa na cha Baraza la Mitihani (NECTA). Tofauti ndogo kama Hamis na Hamisi hukwamisha hata mkopo. Bodi ya Mikopo (HESLB) ilianza kukopesha stashahada za fani za kipaumbele, afya ikiwemo, mwaka wa masomo 2023/2024.

Ada siyo gharama yote: kuna sare, bima, chakula na malazi ya mafunzo kwa vitendo. Familia nyingi huuza alizeti baada ya mavuno. Mkiweza, tengeni fungu la masomo mapema, kabla vikao vya harusi havijaanza.