Kona Ikipotea, Mabati Hayatoshi

Kabla kikundi chenu hakijachimba msingi, hebu tuongee juu ya kona.

Sisi tulijenga stoo ya mahindi tukikadiria kona kwa macho tu. Kuta zilipofika juu ndipo tukaona upande mmoja umeenda kando karibu futi moja. Mabati tuliyochangia mwaka mzima hayakufunika, ikabidi tubomoe ukuta. Watu walinung'unika, na walikuwa na haki.

Dawa ni kamba isiyovutika. Piga kigingi kwenye kona. Pima futi 3 kufuata ukuta mmoja, weka alama; pima futi 4 kufuata wa pili, weka alama. Toka alama hadi alama lazima ziwe futi 5 kamili. Zikizidi, kona imefunguka, zikipungua, imejifunga. Nyumba kubwa tumieni 6, 8 na 10, maana kosa dogo kwenye kamba fupi hukua likienda mbali.

Kijana mmoja wa sekondari alituuliza: hii si ile hesabu ya mistari inayokatana kwa pembe mraba? Ndiyo hiyo hiyo! Chukua karatasi ya miraba. Tuseme ukuta wa kwanza ni y = 2x + 1, na kona iko kwenye (2, 5). Mteremko wa ukuta ni 2, yaani ukienda kulia 1 unapanda 2. Sasa ugeuze kwa robo mzunguko: unaenda kulia 2, unashuka 1. Kwa hiyo mteremko wa ukuta wa pili ni −1/2. Zidisha hiyo miteremko miwili, utapata −1. Wengi hugeuza namba na kusahau alama ya kutoa. Hapo ndipo maksi hupotea.

Ukuta wa pili basi ni y = −1/2x + c. Weka kona yetu ndani: 5 = −1 + c, kwa hiyo c ni 6. Mlinganyo ni y = −1/2x + 6.

Hakikisha kama fundi. Toka kona hadi (3, 7) mraba wa urefu ni 5. Hadi (4, 4) ni 5 pia. Kati ya hizo nukta mbili ni 10. Tano na tano ni kumi, kona iko sawa.

Na kule shambani, vigingi vyote vinne vikishasimama na kuta zinazotazamana zikiwa na urefu mmoja, pimeni kona kwa kona, mara mbili. Vipimo vikitofautiana, msichimbe bado.