Super Cub na Upepo wa Ubavuni

Msimu wa kusi, uwanja wetu wa murram upande wa Voi hutulia alfajiri. Ikifika saa tano, mfuko wa upepo umeshajaa na kunyooka, ukiikata njia ya kurukia. Ndege ninayorusha ni Piper Super Cub ya miaka ya 1950: mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, gurudumu dogo chini ya mkia. Ni nyepesi, na uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa. Pua ikianza kupinda, mkia hutaka kuipita.

Kabla ya kuwasha injini napiga hesabu ya kichwani. Upepo wa noti 10, kama kilomita 18 kwa saa, ukija kwa pembe ya digrii 30 kutoka mstari wa njia unakusukuma ubavuni kwa nusu ya kasi yake. Kwa digrii 60, karibu yote. Kisha nauliza: unatoka kushoto au kulia? Propela yetu, ukiitazama kutoka kitini, huzunguka kufuata saa, na wakati wa kuruka huivuta pua kushoto. Mkia nao hushika upepo kama tanga, ukiigeuza pua kule upepo unakotoka. Upepo wa kulia, basi, hupunguza mvuto wa propela. Wa kushoto huuongeza, na huo ndio ninaouheshimu zaidi.

Tuseme ni wa kushoto. Kabla gurudumu halijasogea, stiki nailaza kushoto mpaka mwisho. Wengi huilaza kidogo tu, wakingoja waone bawa likiinuka, hapo wamechelewa. Eleroni ya kushoto, kile kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa, ikipanda hulikandamiza bawa lililoelekea upepo. Ile ya kulia, iliyoshuka, huburuta hewa na kuivuta pua kulia kidogo, msaada wa bure kwa miguu yako.

Ongeza nguvu ya injini taratibu, stiki ikiwa pia imevutwa nyuma ili gurudumu la mkia lishike ardhi. Usiharakishe kuinua mkia. Mkia unapopanda, propela huirusha pua kushoto mara moja, kwa hiyo mguu wa kulia uwe tayari. Macho mbali, mwisho wa njia, na miguu icheze: gusa, achia, gusa. Anayekanyaga na kuganda hupinda upande wa pili.

Kasi ikiongezeka eleroni hupata nguvu, nawe unairudisha stiki kidogo kidogo kuelekea katikati, bila kuifikisha. Gurudumu la kulia litanyanyuka kwanza, utakimbia kwa la kushoto peke yake. Ni sawa kabisa, ingawa abiria huwa hapendi.

Super Cub hupenda kuondoka mapema mno. Inyime. Ibane chini kwa kasi ya ziada kidogo, kisha inyanyue moja kwa moja. Ikirudi kugusa murram huku inasukumwa pembeni, miguu ya magurudumu ndiyo itakayolipa. Ukishakuwa hewani, sawazisha mabawa, iache pua ielekee upepo kiasi, na upande ukifuata mstari wa njia.

Ukiona pedali ya kulia imefika mwisho na pua bado inakwenda kushoto, ondoa nguvu ya injini papo hapo, ungali na njia mbele yako. Kamba za kuifungia ndege ziko nyuma ya kiti. Jioni upepo huwa umepungua.