MSIBA WA MOTO NA KAZI ZA KILA SIKU

Katika darsa yetu tuliulizwa suala ambalo si geni mitaani petu: watu wakiunguliwa na majumba yao, je, yafaa aliyesalimika kufungua duka kesho yake, kuoza binti yake, kula na kulala kama ada? Muulizaji alikuwa na haya moyoni, na haya ni katika imani. Lakini haya peke yake haimvishi nguo aliyeunguliwa.

Tumependa kulitazama jambo hili kwa mfano wa Australia, kwani huko moto wa nyika ni jambo la kila kiangazi, na wenyeji wamelazimika kujifunza namna ya kusaidia na huku wakiishi. Mwaka 2019 ulikuwa wa joto na ukame kuliko yote iliyopata kuandikwa katika nchi ile. Mikaratusi, ambayo majani yake yana mafuta, ikashika moto, na upepo ukawa wachukua makaa mbali mbele ya moto wenyewe. Hata ulipotulia mwanzoni mwa 2020, watu 33 walikuwa wamekufa na nyumba zaidi ya 3,000 zimeteketea. Katika mji wa Mallacoota, tarehe 31 Desemba 2019, watu wapata 4,000 walikimbilia ufuoni, moto nyuma yao na bahari mbele yao, hata meli ya jeshi ikaja kuwachukua baadhi yao.

Ni nani waliokabili moto huo? Wengi wao si watu wa mshahara. Ni wakulima, mafundi na wenye maduka waliojitolea. Basi mtu akiacha kazi yake siku 10 au 20, wanawe wale nini? Ndiyo sababu mwisho wa Desemba 2019 serikali yao ilikubali kuwafidia waliopoteza pato lao, hadi dola 300 kwa siku, jumla isizidi 6,000.

Hapa ndipo penye fiqhi. Kuwaokoa walioungua ni faradhi ya kifaya: wakipatikana wa kutosha, dhambi huwaondokea waliobaki, wasipotosha, wote twaandikiwa. Anayefungua duka lake si mkosa maadamu wapo wa kutosha, na maadamu duka hilo latoa fungu lake. Tukifunga sote, sadaka itatoka wapi? Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa mali yake yote, Mtume (S.A.W.) alimkatalia, akamruhusu thuluthi, na hata hiyo akaiita nyingi. Na Salman alipomwona Abu Dardaa amejisahau kwa ibada mpaka mkewe amevaa nguo chakavu, alimkumbusha kuwa nafsi na ahali wana haki zao, na Mtume akamsadikisha Salman.

Ama msaada wenyewe, una adabu zake. Ilipofika habari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib huko Muta, Mtume aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwani wana la kuwashughulisha. Waislamu wa Melbourne walifuata mwendo huo Januari 2020: walipakia malori ya vyakula, wakaenda mashariki ya jimbo la Victoria, wakawapikia wazima moto waliochoka, wala hawakuuliza dini ya mtu. Suratul Mumtahina haikutukataza kuwatendea wema wasiotupiga vita. Sisi huku tumeipindua sunna hiyo: mfiwa ndiye anayekopa mchele apate kuwalisha waliokuja kumpa pole!

Tena msaada si kumwaga tusivyovitaka. Baada ya moto wa tarehe 7 Februari 2009 huko Victoria, uliowaua watu 173, maghala yalijaa nguo na vitu vya watu hata kuvipanga kukawa kazi juu ya kazi. Fedha kidogo ya kila mwezi yafaa zaidi, kwa kuwa nyumba haijengwi kwa juma moja, na amali ipendwayo na Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu.

Na mtoaji aulize fedha yaenda wapi. Mchekeshaji Celeste Barber alichangisha zaidi ya dola milioni 50 katika moto wa 2020. Wengi walidhani zitawafikia waliounguliwa, lakini mfuko uliotajwa ulikuwa wa kikosi cha wazima moto, na Mei 2020 mahakama ikahukumu kuwa haziwezi kugawiwa mashirika mengine. Wanazuoni wetu, ambao wameliweka sharti la mwenye kuwakifu mahali pa nassi, wasingeistaajabia hukumu hiyo.

Imesalia arusi. Hatukuona dalili ya kuivunja. Sharia imeweka siku 3 za kuomboleza kwa asiyekuwa mjane. Akidi ifungwe siku yake, walima uwe wa kondoo mmoja, na fedha za tarumbeta na nguo za sare zipelekwe kwa waliounguliwa. Zipelekwe kabla ya arusi, si baada yake, kwani baada ya arusi hakuna apataye kuona kilichobaki.